Mazoezi Mlango Wazi: Somo la Kamĩrĩĩthũ

Wenzangu wa vikundi vya maigizo, hamjambo?

Nimeombwa nieleze jinsi kikundi kidogo, kisicho na ukumbi wala mfadhili, kinavyoweza kuzaa mchezo mpya. Sitawapeleka Ulaya. Limuru, hapa Kenya, iko karibu, na kwa maoni yangu hakuna mfano unaotufaa kuliko Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha huko kilichokuwa na kituo cha elimu na utamaduni cha wanakijiji wenyewe.

Upande wa siasa mnaujua. Mchezo wao wa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Katikati ya Novemba serikali ikafuta kibali cha kuuonyesha. Tarehe 31 Desemba mmoja wa waandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Hayo yamesemwa sana. Leo nataka tuyatazame mazoezi.

Ngũgĩ wa Thiong'o na mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika rasimu, wakaipeleka kituoni, ambako watu wazima walikuwa wakijifunza kusoma na kuandika. Kazi hasa ikaanzia hapo. Waigizaji walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, na wasio na ajira. Ndiyo maana mazoezi mengi yaliangukia Jumamosi na Jumapili, hadharani, mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Na watazamaji hawakukaa kimya. Wazee walisahihisha namna wahusika wazee wanavyozungumza. Kina mama waliojua nyimbo za arusi walisahihisha uimbaji na hatua za ngoma. Mzee mmoja aliyewahi kuwaundia Mau Mau, wapiganaji wa uhuru, bunduki za kweli akaunda za kuigizia. Ukiwa na mzee kama huyo mtaani, halafu ukaenda kukodi vifaa mjini, hasara umejitakia!

Jukwaa nalo walilibuni wenyewe, kwanza kwa kupanga njiti za kiberiti ardhini. Kisha wakajenga: jukwaa la nusu duara, ukuta wa mianzi nyuma yake, na viti virefu vya mbao vilivyopandana kama ngazi, vya kutosha watu zaidi ya 2,000. Paa hakuna. Mvua ikinyesha onyesho linasimama, watu wanajibanza, ikikatika wanarudi kuketi.

Sasa tujiangalie. Mwandishi wetu anamaliza andiko, anatetea kila nukta, tunajifungia chumbani wiki tatu. Mgeni wa kwanza kuuona mchezo ni yule aliyekata tiketi, na akigundua kwamba mama mboga wetu anazungumza kama mhadhiri, ukumbi umeshalipiwa. Sisemi kila mpita njia ashike kalamu. Kamĩrĩĩthũ walikuwa na mwelekezi, Kimani Gecau, na bila mtu wa kushika usukani mazoezi ya wazi hugeuka baraza. Pia yanakula muda: wao walitumia miezi, si wiki. Lakini waliofika siku ya ufunguzi walikuwa na mkono wao ndani ya mchezo, nao ndio waliowaleta wengine.

Mwaka 1982 watu wa Kamĩrĩĩthũ walirudi na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, yaani Mama Niimbie. Walipofika Kenya National Theatre wakakuta milango imefungwa, wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kuendelea na mazoezi. Machi mwaka huo kituo kikafutiwa usajili, polisi wakatumwa kulibomoa lile jukwaa la Limuru. Mchezo haukupata siku ya ufunguzi, ila maelfu walikuwa wameshautazama pale chuoni, jioni baada ya jioni, ukiwa bado mazoezini.