Rafu ya nyuma ililipiwa na vitabu vya Hesabu

Wazee kwa vijana, mnaonijua mnajua naanzia 2018, na nikiachiwa naweza kumalizia hapo hapo. Mwaka ule serikali yetu ya Kenya iliamua vitabu vya kiada vitoke kwa wachapishaji viende shuleni moja kwa moja, duka la vitabu likarukwa. Kabla ya hapo, tangu elimu ya bure ya 2003, pesa zilikuwa zinaingia akaunti ya shule, mwalimu mkuu na kamati yake wanaenda mjini kununua.

Sasa hapa ndipo watu hunipotea. Duka la vitabu la Voi, la Kitui, la Kakamega, halijawahi kuishi kwa riwaya hata siku moja! Liliishi kwa Hesabu na Kiingereza cha darasa la nne, mauzo ya Januari ndiyo yalilipa renti mpaka Disemba, na ndiyo yaliyompa mwenye duka nafasi ya kuweka huko nyuma rafu moja ya hadithi, mashairi, kamusi, vitu vinavyoweza kukaa miezi vikingoja mtu mmoja. Mwalimu wa Kiswahili akitaka tamthilia mpya alikuwa anaacha jina kwa kaunta, inakuja na gari la Nairobi. Ondoa kiada, rafu ile nayo imekwenda. Ingia duka hilo leo uone: soksi za yunifomu, rimu za karatasi, mashine ya fotokopi, na kidirisha cha M-Pesa.

Kuna mzee pale nyuma anatikisa kichwa, anataka kuniambia maduka yalikuwa yanakula na walimu wakuu, risiti hewa, vitabu havifiki. Ilitokea mzee wangu, simtetei mwizi. Lakini mwizi anashtakiwa, hufungi soko zima. Halafu kitabu cha serikali shule ikifungwa kinarudi kabatini, sasa mtoto anasoma nini Agosti? Simu? Simu ya nani, na bando ananunua nani?

Kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu tangu 2013, kopi bandia za barabarani, hayo nilitaka kuyachambua lakini nimeonyeshwa saa, basi yaende. Niseme moja tu. Maktaba za umma kikatiba ziko chini ya kaunti. MCA, wawakilishi wetu kwenye bunge la kaunti, mko hapa, nawaona. Bajeti ikija, wekeni kifungu kwamba vitabu vya maktaba yenu vinunuliwe kwa duka la mji wenu, na hadithi ziwemo, siyo kiada peke yake. Hilo halihitaji kungoja Nairobi.