Simetria kwanza, intigrali baadaye

Tazameni ubaoni mlinganyo tofautishi tunaotaka kuutatua, y′ ikiwa kasi ya y kubadilika kulingana na x: y′ = 2/x² − y². Vigeu havitenganishiki, na kipeo cha y kinauondoa kwenye milinganyo ya mstari. Sophus Lie, Mnorwe aliyezaliwa 1842, angeanza na swali hili: ni badiliko gani linalochukua suluhisho moja la mlinganyo na kuligeuza kuwa suluhisho jingine la mlinganyo uleule?

Zidisha x kwa a, gawanya y kwa a. Kushoto kunagawanyika kwa a². Kulia, kila kijenzi vilevile. Simetria hiyo. Chukua a iliyo karibu mno na 1: x inasogea kwa ξ = x, y kwa η = −y. Msogeo huo mdogo tunauandika X = ξ∂ₓ + η∂ᵧ, ambapo ∂ₓ na ∂ᵧ ni kutofautisha kwa x na kwa y.

Sasa tafuta majiranukta mapya: r isiyoguswa na simetria, na s inayosogea kwa kiasi kilekile popote. Hapa r = xy, s = ln x. Kokotoa:

dr/ds = xy + x²y′ = 2 + r − r² = (2 − r)(1 + r).

Kulia hakuna s, basi tenganisha, tafuta intigrali, rudisha x na y:

y = (2Cx³ − 1) / (x(1 + Cx³)), C ikiwa namba thabiti yoyote.

Wengi huishia hapo, na wamekosea. Tulipogawanya kwa (2 − r)(1 + r) tulitupa r = 2 na r = −1. La pili linarudi C ikiwa 0; la kwanza, y = 2/x, halirudi kwa C yoyote. Hayo ndiyo masuluhisho ambayo simetria huyaacha palepale. Andika η = ξy′ tangu mwanzo, utayapata kwa aljebra tupu. (Ikiwa η = ξy′ ni kweli kila mahali, simetria yako inasukuma kila suluhisho juu ya mkunjo wake wenyewe. Ni halali, ila haina faida.)

Milinganyo ya daraja la kwanza, yenye y′ tu kama huu wetu, ina simetria zisizo na idadi, lakini sharti la kuzipata ni mlinganyo mmoja tu, kwa hiyo tunakisia. Daraja la pili, lenye y″ (kasi ya y′ kubadilika), ajabu, lina utaratibu zaidi. ξ na η hazina y′ ndani yake. Ukishaweka ndani ya sharti la simetria thamani ya y″ inayotolewa na mlinganyo, nayo ikiwa ni polinomia ya y′, kigawo cha kila kipeo cha y′ lazima kiwe 0. Utapata milinganyo mingi myepesi, na simetria zinazojitegemea hazizidi 8. Usitenganishe vipeo kabla ya kuondoa y″, utapoteza simetria halali.

Ukipata simetria mbili, X₁ na X₂, za mlinganyo wa daraja la pili, kokotoa X₁X₂ − X₂X₁. Ikitoka λX₁, λ isiyo 0, punguza daraja kwa X₁ kwanza. Ukianza na X₂, kwa kawaida X₁ haitafaa tena kwa mlinganyo uliobaki, na utakwama kwenye daraja la kwanza.