Kuizuia Kompaila Isihamishe Hatua za Kumbukumbu: Somo la C kutoka Bukavu

Ndugu watazamaji, karibuni. Niko Kadutu, katika kibanda ambamo ninawauzia wanafunzi bodi ndogo za kompyuta, na leo tutaitazama GCC, kompaila inayotafsiri msimbo wa C kuwa maagizo ya prosesa, ikibadilisha mpangilio wa hatua za kumbukumbu (yaani kusoma na kuandika vigeu), kisha tutaizuia. Kuandaa faili na kuanzisha nyuzi mbili (thread, yaani sehemu mbili za programu zinazoendeshwa kwa pamoja) kwa maktaba ya pthread mnakujua tayari, kwa hiyo ninakuruka.

Uzi wa kwanza unalala sekunde moja, kisha una mistari miwili: `shehena = hesabu + 1;` halafu `tayari = 1;`. Uzi wa pili unasubiri kwa `while (!tayari) {}`, kisha unachapisha shehena. Vigeu vyote ni `int` za kawaida.

Andikeni `gcc -O2 -S` (`-O2` huiambia kompaila iharakishe programu), mfungue faili ya asembli, yaani maagizo ya prosesa kwa maandishi. Subirini kidogo, herufi hazisomeki kwenye kamera, ninazikuza. Sasa tazameni: hesabu imesomwa na kuwekwa kwenye rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa), kisha 1 ikaandikwa kwenye `tayari`, na ndipo shehena ikaandikwa. Ni kama mfanyabiashara wa Goma anayepiga simu kwamba maharage yake yameshushwa Bukavu, ilhali mashua bado iko Idjwi. Hata hivyo kompaila haijavunja sheria, kwa kuwa inatakiwa kulinda matokeo yanayoonekana na uzi mmoja ukiwa peke yake, na uzi wa kwanza hauoni tofauti yoyote. Toleo lenu la GCC linaweza kupanga vingine, lakini ruhusa ya kuhamisha inabaki palepale.

Tuiendeshe. Mnasikia feni? Msifunge dirisha, programu haijafa: inazunguka. Turudi haraka kwenye asembli ya uzi wa pili. Kigeu `tayari` kimesomwa mara moja tu kabla ya kitanzi, na baada ya hapo kuna ruko (jump) linalojirudia lenyewe milele, maana kompaila haikuona ndani ya kitanzi kitu chochote kinachoweza kubadilisha kigeu hicho. Bonyezeni Ctrl na C.

Wengi hapa hukimbilia kuweka `volatile` kwenye tayari. Tafadhali msiishie hapo. Kitanzi kitasoma upya kila mzunguko, programu itaacha kuganda, nanyi mtadhani mmepona. Lakini shehena si `volatile`, kwa hiyo kompaila bado ina haki ya kuiandika baada ya tayari. Mimi neno hilo ninaliweka kwa ajili ya rejista za vifaa, basi.

Dawa yenyewe imo katika kiwango cha C cha mwaka 2011. Ingizeni `stdatomic.h`, mfanye `tayari` iwe `atomic_int` (`int` ambayo nyuzi zinaweza kuitumia pamoja kwa usalama), kisha uzi wa kwanza uandike kwa `atomic_store_explicit(&tayari, 1, memory_order_release)`, na kitanzi kisome kwa `atomic_load_explicit(&tayari, memory_order_acquire)`. Release huzuia hatua zilizotangulia zisihamie baada yake; acquire huzuia zinazofuata zisihamie kabla yake. Release inakaa kwenye `tayari`, si kwenye `shehena`. Na ziwe mbili: release kwa anayeandika, acquire kwa anayesoma. Ukiweka moja ukaacha nyingine, hujafunga kitu.

Fungueni asembli tena. Kwenye x86-64, yaani prosesa za Intel na AMD, mnaona `mov` (agizo la kuhamisha data) za kawaida tu, ila sasa shehena imetangulia. Prosesa hizo zenyewe hazigeuzi mpangilio wa hatua mbili za kuandika, wala wa hatua mbili za kusoma, kwa hiyo aliyebanwa hapa ni kompaila peke yake. Kwa sababu hiyo msiamini jaribio la laptopu pekee: ukisahau acquire, kosa linaweza kujificha hapo na kujitokeza kwenye ARM, aina nyingine ya prosesa. Hii hapa Raspberry Pi 4, bodi ndogo yenye prosesa ya ARM na mfumo wa biti 64 (ndiyo, ninaziuza, lakini si ndiyo sababu ya kuionyesha). Tazameni `stlr` mahali pa kuandika na `ldar` mahali pa kusoma. Nasema tena: ziwe mbili.

Mtakutana pia na `asm volatile("" ::: "memory")`, ambayo kiini (kernel) cha Linux huiita `barrier()`. Huizuia kompaila bila kuongeza agizo lolote kwa prosesa, kwa hiyo kati ya nyuzi zilizo kwenye core tofauti za prosesa kama ARM haitoshi.

Mwisho, tafsirini faili ya kwanza (yenye `int` za kawaida) na ya pili (yenye `atomic_int`) bila `-O2`, mkiongeza `-g -fsanitize=thread`, kisha mziendeshe. Ya kwanza italalamika kuhusu mbio za data (data race, yaani nyuzi mbili kugusa kigeu kimoja bila mpangilio, angalau mmoja ukiandika) na kutaja mistari. Ya pili inapaswa kuchapisha shehena na kunyamaza. Ikilalamika, angalieni acquire kwanza.