Kabla ya Kukata Bima ya Afya, Itizame Bahari
Mhadhara kwa wafanyabiashara na wakulima, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nashukuru mmekuja, nami najua karafuu zimeshaanza kuchumwa na kila mtu ana majamvi yake uani. Sitawaweka sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya bima ya afya kwa mtu anayejikatia mwenyewe. Mtumishi wa serikali leo si wangu, yeye tangu 2023 kaanza kuingizwa kwenye Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar. Nazungumza na mwenye duka, fundi cherehani, mvuvi, mwenye gari ya ng'ombe, na mama anayekaanga samaki pale sokoni. Kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa kupokea madai ya bima hospitalini, kwa hiyo kadi hizi nimezijua kwa upande wa ndani wa dirisha.

Kuna mzee kanambia hapo nje, "Matibabu bure tokea Mapinduzi, bima ya nini tena?" Kweli, huduma za serikali zilitangazwa kuwa bure baada ya 1964, na hakuna wa kulidharau jambo lile. Lakini mwenye kuuguza anajua pesa zake hutokea wapi. Dawa imekwisha dirishani, anakwenda kuinunua duka la nje. Kipimo hakipo, anakifuata kwa watu binafsi. Mgonjwa kapewa rufaa ya kuvuka, na hapo ndipo ng'ombe anapouzwa.

Ndiyo maana nasema, wengi huanza kuuliza bei. Nyinyi watu wa Pemba anzeni kuuliza bahari.

Chukua mgonjwa wako, mfuate kwa akili. Leo yuko Chake. Kesho kapelekwa mji wa Mkoani, hospitali ya Abdulla Mzee. Kesho kutwa daktari anasema avuke aende hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Ikiwa ni moyo au saratani, huenda Unguja nako akavushwa, akaishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au Ocean Road, Dar es Salaam. Sasa shika mkataba wa bima, umsindikize nao kituo kwa kituo. Kadi hii inapokewa wapi hapa Pemba? Usiambiwe "hospitali zote kubwa". Taka orodha ya vituo, itazame kwa macho yako. Nimeziona orodha ndefu zimejaa hospitali za Dar na Arusha, na kisiwa chetu kizima hakina hata mstari mmoja. Mtu anailipia mwaka mzima, akipata homa anatoa pesa mfukoni kama jirani yake asiye na kadi. Na orodha ukishaipata, nenda mwenyewe kwenye dirisha la hospitali uwaulize kama kadi hiyo bado wanaipokea. Mikataba baina ya kampuni na hospitali huvunjika, na wakala hana haraka ya kukwambia.

Halafu uliza juu ya kuvuka kwenyewe. Nauli ya boti ya mgonjwa analipa nani? Na ya anayemsindikiza? Maana mgonjwa wa kubebwa haendi peke yake, na huyo msindikizaji atakula na kulala mjini. Gari ya wagonjwa kutoka bandarini Malindi hadi hospitali imo? Ikiwa ni dharura na boti hakuna, ndege imo? Bima nyingi za bei ndogo hulipa kitanda na daktari, safari zikakuachia wewe. Hilo si kosa lao ikiwa limeandikwa. Kosa ni wewe kulijulia gatini.

Jengine la hapo hapo ni idhini. Matibabu makubwa, yaani kulazwa, kupasuliwa, vipimo vya gharama, mara nyingi kampuni hutaka iulizwe kwanza. Uliza, saa nane ya usiku anaulizwa nani? Waombeni nambari ya simu, muipige usiku kabla ya kulipa. Msicheke, ni jaribio zuri kuliko mengi.

Kwa pembeni niseme hili, kwa sababu jamaa zetu wa Muscat na Uingereza hutuchanganya. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44. Ile ni ya msafiri na dharura zake. Mwenyeji haimhusu, na hakuna njia ya kumtia bibi yako ndani yake.

Tuje kwenye vikomo. Kila bima ina kikomo cha mwaka, na hicho ndicho huandikwa kwa herufi kubwa. Vidogo vidogo vya ndani yake huandikwa kwa herufi za sisimizi. Tuseme kikomo ni shilingi milioni 10. Ukisoma ndani unakuta matibabu ya nje, yaani ya kuonwa na kurudi nyumbani, ni laki 5 tu, uzazi una chake, meno yana chake. Na hiyo milioni 10 ni ya kila mmoja au mnagawana nyumba nzima? Anayesafishwa figo kwa kawaida huhitaji mara 3 kwa wiki. Piga hesabu hiyo kwa wiki 52 uone kikomo kinafika mwezi gani. Ikiwa nyumbani kwenu presha na sukari zimo kwenye ukoo, na ni nyumba gani haina, tazama dawa za kila mwezi kabla hujatazama chumba cha peke yako. Chumba cha peke yako ni anasa, wakala hupenda kuanzia hapo.

Sasa ugonjwa ulionao tayari. Hapa watu huficha. Fomu inauliza una presha, anajaza hapana, kwa kuwa kaambiwa akijaza ndiyo bei itapanda. Bima husimama juu ya ukweli wa anayekata. Siku ya madai makubwa kampuni itaomba faili lako la hospitali, na faili lina tarehe. Wakiona uliandikiwa dawa za presha kabla ya kukata, wana haki ya kukataa, na mchango wako usirudi. Jaza kweli. Kisha uliza huo ugonjwa utasubiri muda gani kabla haujalipiwa, au umetolewa kabisa. Uzazi nao una kusubiri kwake, mara nyingi miezi 9 au 12, kwa hiyo aliye na mimba tayari asitegemee kadi ya mwezi huu.

Msidhani ni ukatili tu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulikuwa na Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Wazazi wengi wakawa wanakata mtoto akishaugua. Mfuko ukaelemewa, na 2023 ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja. Mchango wa wazima ndio unaowatibu wagonjwa, na wazima wasipoingia hakuna cha kutibia.

Familia. Naona wanaume wawili watatu wameinamisha vichwa. Kanuni iliyozoeleka NHIF ni mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne. Mwenza mmoja. Mwenye nyumba mbili aulize kabla, asije akampa kadi mke mmoja akaleta kesi ambayo bima hailipi.

Bei nitaipita haraka, maana mkishayajibu hayo bei itajipambanua yenyewe. Nasema moja tu. Mchango wa mwaka mara nyingi hulipwa kwa mkupuo, kwa hiyo mkulima anzisha bima yako wakati wa pesa ya karafuu, ili na kuihuisha mwakani kuangukie msimu. Ukianza mwezi wa kiangazi cha mfuko, mwakani itakufia mkononi, na ukiifufua huenda muda wa kusubiri ukaanza upya.

Suala la halali na haramu najua linakuja. Mimi si sheikh. Kuna takaful, bima ya Kiislamu, ambayo wachangiaji hutoa tabarru, yaani mchango wa hiari, kwenye mfuko wa kusaidiana na kampuni huusimamia chini ya bodi ya sharia. Muulize mwanachuoni unayemwamini, lakini masuala ya vituo, vikomo na kuvuka yaulizeni huko nako vile vile. Jina zuri halipandishi mgonjwa boti.

Pesa msimpe wakala mkononi. Lipeni kwa kampuni, mpate stakabadhi. Kampuni na wakala wote husajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na madai yakikataliwa, taka barua yenye sababu. Bila barua hiyo hata ukienda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima hutakuwa na pa kuanzia.

Naona kikaratasi hiki kinauliza: "Mama yangu ana miaka 72, anaumwa sukari, nimkatie ipi?" Jibu langu halitampendeza wakala yeyote. Bima nyingi za binafsi hazimpokei mtu mpya wa umri huo, na inayompokea itakuwa ghali na sukari huenda ikatolewa. Usimpunguzie umri, kitambulisho chake cha ZanID kinausema. Mpeleke kliniki ya sukari ya serikali kila mwezi, weka pembeni nauli ya boti ya watu wawili, mgonjwa na wa kumshika mkono, na pesa ya dawa ya miezi miwili isiyoguswa kwa harusi wala sikukuu. Bima jikatie wewe, kwa kuwa wewe ukianguka na yeye kaanguka.