Tangi na Kompyuta katika Utafiti wa Mwendo wa Maji

Ndugu wahandisi na wanafunzi,

Mwaka 1918 mwanafizikia Hendrik Lorentz alikabidhiwa uongozi wa kamati nchini Uholanzi ili ajibu swali zito: ghuba ya Zuiderzee ikizibwa kwa boma, maji yatajaa na kupwa vipi katika pwani itakayobaki nje? Kamati ilikokotoa kwa mkono hadi mwaka 1926, na boma lilipokamilika mwaka 1932, bahari ilikubaliana kwa karibu na hesabu hizo. Ili milinganyo itatulike, Lorentz aliuchukulia msuguano, ambao hukua kwa mraba wa kasi, kana kwamba hukua sawia na kasi. Lakini ukubwa wake ulipaswa kutoka kwenye vipimo vya maji halisi.

Hitaji hilo lipo hata leo. Wimbi linapovunjika juu ya boma huchanganyika na hewa na kupenya kati ya mawe, na kwa kuwa kompyuta haiwezi kufuata kila kiputo, tunaweka vigezo, yaani namba za kukadiria athari hizo, ambavyo maabara pekee inaweza kuvithibitisha.

Tangi la maabara, ambamo mawimbi hupigishwa kwenye modeli ndogo ya boma, nalo lina mipaka yake. Katika modeli ya uwiano wa 1 kwa 25 inayofuata kanuni ya Froude (ya kulinganisha kasi ya maji na nguvu ya uvutano), kasi hupungua mara 5 na nambari ya Reynolds (inayolinganisha msukumo wa maji na mnato, yaani uzito wake wa kutiririka) mara 125, ilhali mnato na mvutano wa uso wa maji hubaki vilevile. Kwa hiyo maji hupita kati ya mawe madogo kwa shida kuliko inavyotokea baharini. Punje ya mchanga ya robo milimita ingepaswa kuwa ya milimita 0.01, na hilo ni tope, si mchanga. Ndiyo maana mjini Delft, Uholanzi, ulijengwa mfereji wa mawimbi wenye urefu wa mita 300, ili modeli isipunguzwe sana.

Kwa maoni yangu, tusianze kwa kuikokotoa bahari. Tulikokotoe kwanza tangi lenyewe, pamoja na kuta zake zinazorudisha mawimbi, kisha programu ileile, bila kuguswa vigezo, ipewe vipimo vya boma halisi: tofauti itakayojitokeza ndiyo athari ya kupunguza ukubwa. Ila majaribio yaliyotumika kurekebisha vigezo yasitumike tena kuihukumu modeli. Nasisitiza hili kwa uchungu, kwani nimeona michoro mizuri ikipatana kikamilifu na data zilizoizaa. Sehemu ya majaribio itengwe mapema, na anayerekebisha vigezo asiione kabla hajamaliza.