Kufufua boti ya zamani nyumbani: hela kidogo iende wapi kwanza

Haya, asanteni kwa kunikaribisha, na nyie mliosimama huko nyuma sogeeni viti vipo. Nimeombwa niongee kuhusu kufufua boti ya zamani ya mashine, nyumbani, na mfuko ukiwa mwembamba. Naanza kwa kuwaudhi kidogo: rangi ni ya mwisho. Najua wengi mmekuja na picha kichwani, zile Riva Aquarama za Italia za kuanzia 1962, mbao ya mahogani inang'aa mpaka unajiona, na ukienda dukani mkono unanyoosha kwanza kwenye vanishi na usukani wa kromi. Acha. Mi msimamo wangu ni mmoja tu na ntaurudia mpaka mchoke: hela ya kwanza inaenda pale maji yanapoweza kuingia na pale moto unapoweza kuwaka, vingine vyote vinasubiri, hata miaka.

Na msione aibu kufanyia nyumbani. Chris-Craft wa Marekani miaka ya 1950 walikuwa wanauza boti za vipande, unaletewa mbao zimekatwa na wewe unajiungia mwenyewe. Kwaiyo boti za umri huo si zote zilizozaliwa kiwandani, nyingine zilizaliwa kwenye gereji za watu wa kawaida kabisa.

Sasa tuanze na faiba maana ndio nyingi mtakazozikuta. Watu wanasema faiba haiozi. Kweli, faiba yenyewe haiozi, ila ndani yake kuna nini? Ule ubao wa nyuma unapofungwa mashine ni playwudi iliyofunikwa faiba huku na huku, ile mihimili ya ndani inayotoka mbele hadi nyuma ni mbao imefunikwa faiba, sakafu ni playwudi, na chini ya sakafu mara nyingi kuna povu la kuelesha. Mtu alitoboa tundu la bolti miaka hiyo, hakuziba vizuri, maji yakaingia kidogo kidogo, mbao inaoza gizani na nje boti inameremeta. Alafu ujue maji ya mvua yanaozesha mbao kuliko maji ya chumvi, yaani boti iliyotelekezwa nchi kavu bila turubai mara nyingi ni mbovu kuliko iliyokuwa inafanya kazi baharini kila siku. Muuzaji akikwambia haijagusa maji muda mrefu, hiyo si sifa.

Unajuaje? Chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga ubao wa nyuma taratibu kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa. Pazima panalia kavu, tak tak, pabovu panatoa sauti nzito, imekufa. Ukipata ruhusa toboa kwa ndani na drili nyembamba, sehemu ya chini kabisa ya ubao, uone inatoka nini: unga mkavu wa mbao, sawa, uji mweusi unaonuka, basi ubao wote huo ni wa kubadilisha na bei ishuke. Kama mashine imefungwa, shika sehemu yake ya chini uivute juu na chini uku unaangalia ubao, ukiuona unapinda usinunue kwa bei ya boti, nunua kwa bei ya takataka. Na povu lile likinyonya maji halikauki, kila lita ni kilo moja, unakuta boti imebeba uzito wa watu wawili watatu ambao hawaonekani.

Sasa hapa ndo pana utamu, naomba mnisikilize vizuri, maana wengi wanaharibu boti nzima kwa kazi nzuri. Umekata sakafu, umekuta mihimili imeoza, una hamu, unang'oa yote siku moja. Ganda la faiba lililobaki ni laini, limekaa kwenye trela linaloshika sehemu mbili tatu tu, linalegea, linajikunja milimita kadhaa na wewe huoni. Alafu unaweka mihimili mipya, unamwaga rezini, ile gundi ya maji inayogandisha faiba, inakauka, umelifunga lile kosa humo ndani milele. Sehemu ya chini kuelekea nyuma ikibonyea kuingia ndani, boti ikikimbia inasukuma pua chini, usukani unakuwa mzito. Ikijitokeza nje, boti inaanza kurukaruka pua juu chini juu chini hata maji yakiwa shwari. Mtu analaumu mashine, anabadilisha propela, kumbe ni umbo.

Kwaiyo kabla ya msumeno, tegemeza. Tengeneza vitanda vya mbao vinavyofuata umbo la boti, sehemu nyingi, mbele, katikati, nyuma, na pembeni, mbao za bure za makreti zinatosha kabisa. Kaza uzi chini ya tumbo kutoka nyuma kwenda mbele na upime pengo. Kusawazisha kulia na kushoto huhitaji kifaa cha leza, mpira mwembamba mwangavu wenye maji unatosha, maji hayadanganyi. Andika vipimo ukutani. Alafu toa mhimili mmoja, weka mpya, ndo uhamie mwingine, na dari la boti kama limebaki liache juu mpaka umalize maana ndilo linaloshika umbo. Vile vipande vilivyooza usitupe, hata vikiwa unga vinakupa kiolezo cha kukatia vipya. Kila asubuhi pima tena ule uzi. Inachosha, najua.

Rezini. Dada pale mbele ameshaniuliza kabla sijapanda hapa, polyester au epoksi. Polyester ni rahisi kwa bei, epoksi ni ghali, na mtu wa hela kidogo anakimbilia ya kwanza. Jibu langu: panapotakiwa kugandana na faiba ya zamani au na mbao, pale pasipotakiwa kuachia, weka epoksi, maana polyester mpya juu ya faiba kuukuu inashika kwa shingo upande. Ukiwa unatengeneza kitu kikubwa kipya, masanduku, vifuniko vya viti, polyester haina shida. Na mfuatano una maana: epoksi inashika juu ya polyester, ila polyester juu ya epoksi haishiki vizuri, kwaiyo usianze na ghali ukamalizia na rahisi. Kingine, ule mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, mwingi umegundishwa kwa kitu kinachoyeyuka kwenye polyester tu, kwenye epoksi unabaki mgumu haulainiki, tumia kitambaa kilichofumwa.

Kuchanganya sasa. Polyester kigumisho chake ni kama asilimia 1 hadi 2, siku ya joto unapunguza, ya baridi unaongeza kidogo. Epoksi haichezewi, kipimo cha kwenye kopo ndo hicho hicho, ukiongeza kigumisho ukidhani itakauka haraka unapata uji ambao haukauki kabisa na itabidi uukwangue. Changanya kidogo kidogo, na ukishachanganya mimina kwenye sinia pana, ikibaki kwenye kopo la kina inajipasha yenyewe mpaka inatoa moshi. Ikikauka epoksi inaweza kuacha utando wa kuteleza juu, uoshe na maji na sponji kabla ya msasa, usipoosha unausambaza tu. Na ukiziba tundu usijaze kama unaziba ukuta, chonga kingo kwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili, faiba ya milimita 5 unachonga milimita 60 kuzunguka tundu. Inaonekana unazidisha ubovu. Ndo inavyotakiwa.

Playwudi ya boti halisi, yenye alama ya BS 1088, yaani kiwango cha Uingereza cha playwudi ya boti, ni ghali, ukishindwa tafuta ya nje yenye gundi isiyoyeyuka na maji. Ijaribu: chemsha kipande, kaushe, chemsha tena, kikianza kufunguka matabaka rudisha. Angalia na kingo zake, ukiona matundu katikati ya matabaka humo ndimo maji yatakaa. Nguo za kinga, barakoa ya kichujio cha mvuke, glavu, hapo sijadili na mtu, hiyo si sehemu ya kubana matumizi.

Wenye boti za mbao za kuungwa ubao kwa ubao, nyie nina maneno machache ila makali. Usiifunike boti ya namna hiyo kwa faiba kwa nje ili isivuje. Mbao zinavimba na kusinyaa, faiba haivimbi, itabanduka, na kabla haijabanduka itafungia unyevu ndani na mataruma, yaani mbavu za boti, yanaoza huyaoni. Badilisha skrubu. Skrubu za shaba ya njano kwenye maji ya chumvi zinki yake inatoka, inabaki kitu cha rangi ya waridi kinachovunjika na vidole. Stenlesi nayo ikikaa ndani ya mbao yenye maji bila hewa inaliwa vishimo vishimo. Chini ya mstari wa maji weka bronzi, ni ghali, na hapo ndipo hela uliyoinyima vanishi inapoenda. Kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, usiishindilie kwa hasira, mbao ikivimba itahitaji nafasi, ukiibana mno inasukuma mpaka inang'oa skrubu au kuvunja taruma.

Mashine. Autibodi, zile mashine za kufungwa nje nyuma ya boti, zimeanza kuuzwa zamani, Ole Evinrude alitengeneza yake 1909, na muundo wa zile za zamani ni rahisi kiasi kwamba mtu mwenye spana na subira anaiamsha. Kabla hujanunua hata plagi moja, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi, shuku ringi au gasketi, na hapo piga hesabu upya. Fungua oili ya giaboksi kule chini, ikitoka nyeupe kama maziwa maji yameingia, sili ni rahisi, gia sio rahisi, wahi. Badilisha impela ya pampu ya maji bila kuuliza, ile ni raba, ikizungushwa kavu sekunde chache tu imekwisha, kwaiyo usiwashe mashine kujaribu bila maji, hata kidogo. Safisha kabureta, tupa mipira yote ya zamani ya petroli maana petroli ya siku hizi yenye ethanoli inaila na kuilainisha.

Na wenye mashine ya ndani, iliyofunikwa, mnisamehe ntapandisha sauti. Mashine nyingi za ndani ni injini za gari, kwaiyo fundi atakwambia weka alteneta ya gari, stata ya gari, kabureta ya gari, ni nusu ya bei na inafunga vilevile. Inafunga kweli. Ila ya boti imezibwa cheche zisitoke nje, na kabureta ya boti ikifurika inarudisha petroli ndani ya injini badala ya kuimwaga. Kwenye gari mvuke unaanguka chini barabarani unaondoka. Kwenye boti mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti, unakaa pale unasubiri cheche moja. Weka feni ya kutoa hewa na iwashe dakika 4 kabla ya kugusa swichi.

Umeme sisemi sana: waya ziwe za kopa iliyopakwa bati, fyuzi ikae karibu na betri, basi.

Rangi, haya, tumefika. Rangi za zamani nyingi zina risasi, na zile za chini za kuzuia viumbe ni sumu, kuna moja ilipigwa marufuku duniani kote 2008, kwaiyo msasa ni wa maji, usitimue vumbi, na watoto wasicheze hapo. Ya juu tumia ya kopo moja, yaani isiyochanganywa na kigumisho, mmoja anatangulia na rola ya sponji mwenzie anafuata na brashi karibu kavu, mkipatana mwendo watu watadhani imepulizwa.

Siku ya kushusha, acha sakafu wazi, funga boti sehemu ya maji machache na kaa nayo. Ya mbao itavuja, iache ivimbe, siku moja au kadhaa, pampu ikiwa karibu. Ya faiba ikivuja hata tone, itoe. Ikikaa kavu washa feni, subiri zile dakika, nusa ngama kwa pua yako mwenyewe, ndo uwashe mashine. Haya, mikono juu, naona kaka wa kofia nyekundu alitaka kubisha kuhusu polyester toka mwanzo, anza wewe.