Ajira ya Ughaibuni Hutafutwa Tangu Muhula wa Kwanza

Wazazi wa Mbeya, shikamooni. Vijana, karibuni.

Mnaoomba vyuo vya Marekani huulizia ada na hosteli. Ulizeni pia ofisi ya ajira ya chuo humshika mkono mwanafunzi wa kigeni kuanzia lini. Ikisema mwaka wa mwisho, hapo pana shida, kwa sababu kampuni nyingi kubwa hukusanya maombi Septemba na Oktoba kwa kazi za kiangazi cha mwaka unaofuata. Anayezinduka Aprili hukuta nafasi nyingi zimeshajaa.

Ofisi hiyo huanza na CV. Yetu huwa na picha, umri, dini na hali ya ndoa. Kule hayo yote huondolewa, ukabaki ukurasa mmoja wa ulichofanya na kwa kiasi gani. Tuseme kijana wa Mbozi alishinda msimu wa kahawa kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kisha anaandika "nilisaidia ofisini". Mwajiri ataelewa nini? Aandike kwamba alipima kahawa ya wakulima, akawakatia stakabadhi, na jioni akalinganisha daftari na mzigo uliopo ghalani, kilo azitaje. Vijana wetu huzificha kazi kama hizi wakidhani ni za nyumbani tu. Msizifiche!

Kinachowaponza wengi ni vibali vya kufanya kazi. Kibali kiitwacho CPT huruhusu mafunzo kazini ukiwa bado unasoma, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja wa masomo. OPT, kibali cha kufanya kazi ya fani uliyosoma, ikiwa ya baada ya kuhitimu ni miezi 12, na waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa 24. Lakini ukitumia CPT ya kutwa kwa miezi 12, OPT ya ngazi hiyo ya masomo umeipoteza.

Maombi ya OPT hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza hadi siku 60 baada yake, na lazima yafike ndani ya siku 30 tangu ofisa wa wanafunzi wa kigeni aingize pendekezo lake kwenye mfumo. Ni rahisi kuhesabu zile 60 ukazisahau hizi 30. Tarehe ya kuanza unaichagua mwenyewe, ndani ya siku 60 baada ya kumaliza. Ukichagua ya mapema na kazi huna, unakula siku zako: kukaa bila ajira kusizidi siku 90 kwa jumla.

Atakayerudi nyumbani, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ndiyo itakayotambua shahada yake. Cheti na transkripti vichukueni kabla ya kupanda ndege, maana kuvifuatilia ukiwa Uyole ni usumbufu mkubwa.